Kubali Yaishe – Sehemu ya Sita

Aliyenisahau wiki nzima hii nimkumbushe. Mimi ndiye yule fundi wa kufuli, mwanamke mwenye kibanda cha kuchonga funguo chini ya ngazi za jengo la maduka, kazi niliyorithi kwa baba. Wateja huniita Mama Funguo. Polisi huniita mtuhumiwa.

Mnakumbuka sheria mpya ilivyotukuta. Kabla yake, begi langu lilikuwa na zana. Baada yake, begi lile lile na tupa zile zile vikaitwa vifaa vya kuvunjia nyumba, na anayekutwa navyo jua likishazama ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba si mwizi. Zamani polisi ndio waliotakiwa kuthibitisha. Afande Tabasamu, yule mpelelezi anayecheka hata akikutia pingu, alinikuta navyo nikitoka kazini, akaniambia, "Mama, kubali yaishe." Nikakubali. Hakimu akanipa kifungo cha nje, nikafagia uwanja wa mahakama mwezi mzima, nikadhani yameisha.

Kisha wifi yangu, dada wa mume wangu, akanipigia simu mchana mmoja. Amefungiwa nje ya chumba alichohamia, ghorofa ya pili, jengo la nyuma ya soko. Simu yake imekufa chaji, anatumia ya jirani. Nikaenda, nikamkosa mlangoni. Nikapiga namba ile ile, akasema, "Fungua tu wifi, niko hapa chini nanunua maji, napanda."

Nikafungua. Mlango ulipoachia, nikaona kabati la vyombo, na kando yake kioo kirefu kilichopasuka pembe. Ndani ya kioo kile nikamwona Afande Tabasamu amesimama nyuma yangu. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, na kama kuna mwenye wifi karibu, asimsomee kwa sauti.

*

"Kwema, Mama Funguo?" Afande aliniuliza kwenye chumba cha mahojiano. Alinivutia kiti yeye mwenyewe.

"Nani alikuambia nitakuwa pale?"

"Raia mwema."

"Raia gani?"

"Sheria inamlinda mtoa habari. Hata nikitaka kumtaja, siwezi." Akacheka, kama vile sheria imemnyima kitu.

Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye kibandiko cha namba. Ndani yake niliona vikulabu vya baba vya kufungulia kufuli, vile alivyovitengeneza kwa vyuma vya mwavuli mbovu. Havikuwa kwenye begi langu siku ile. Nilikuwa nimeviacha kibandani, kwenye droo ya chini.

"Umeingia kibandani kwangu?"

"Tumepekua."

"Kwa kibali cha nani?"

"Kibali ni mambo ya zamani hayo. Siku hizi nikishuku, inatosha."

"Na mlango umeufungua kwa kitu gani? Funguo ninazo mimi."

"Tumevunja," alisema bila haya.

Nilimtazama mtu aliyevunja mlango wangu akiniandikia kosa la kuvunja mlango, na nikamchukia. Lakini baba alikuwa akisema anayeshika kalamu usimtukane.

"Mlalamikaji ni nani?" nikauliza. "Mwenye chumba ni nani?"

"Amesafiri. Ameacha maelezo yake." Akasogeza kiti. "Mama, mimi na wewe tunajuana. Kubali yaishe."

"Mara ya kwanza ulisema hivyo hivyo."

"Na ulilala gerezani? Si ulifagia tu?"

Ni kweli nilifagia tu.

*

Mume wangu alikuja siku iliyofuata, ameniletea gauni safi na sabuni. Yeye ni mpaka rangi wa magari, na hata akioga vipi, kucha zake huwa na rangi ya gari la mwisho. Siku hiyo zilikuwa za bluu.

"Mtoto yuko wapi?" Nina binti mmoja, wa darasa la pili.

"Kwa dada."

"Dada yupi?"

"Nina dada wangapi mimi?"

"Yaani mwanangu umempeleka kwa mtu aliyeniweka humu?"

"Hajakuweka. Anasema siku ile alishinda kazini, na simu hakupiga." Alikuwa anaongea na nondo za dirisha.

"Nitazame. Siku ile ulikuwa kibandani kwangu, umekaa juu ya kopo, unakula chakula cha mchana. Mikono yangu ilikuwa kwenye mashine, simu nikaiweka spika. Dada yako alizungumza na wewe upo."

"Nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula kwa masikio?"

Akaanza kukwaruza rangi kwenye kucha zake.

"Tena ulicheka," nikamwambia. "Nilipomuuliza lile swali, ulicheka ukasema, hata dada yangu unamhoji kama mpita njia?"

Niwaeleze kuhusu swali hilo, maana ndilo lililonitoa jasho kesi nzima. Baba hakufungua mlango wa mtu kabla ya kumuuliza: ukiingia, kitu cha kwanza utakachokiona ni nini? Mwenye nyumba hujibu bila kufikiri. Mwizi huanza kutafuta maneno. Hata mimi humuuliza kila mteja, awe shekhe, awe padri. Wifi nilimuuliza, akajibu palepale: kabati la vyombo, mlango wake wa kushoto umekatika bawaba, umefungwa kwa waya, na dirishani kuna pazia la bluu. Ndiyo maana nilikwenda bila wasiwasi.

"Mke wangu," mume wangu akasema, "kubali yaishe. Ukimwingiza dada, ukoo mzima utanigeuka."

"Na mimi?"

"Wewe si ulishakubali mara moja? Njia unaijua."

Mwanamume niliyelala naye miaka kumi ndiye aliyesema hivyo, kisha akaniuliza kama sabuni itatosha.

*

Baadaye akaja wakili wa msaada, binti mwenye miwani na pochi iliyojaa hadi zipu haifungi. Chini ya sheria mpya tunapewa wakili tukiwa mahabusu tu. Kizimbani kila mtu na mdomo wake. Tulikuwa wanawake saba tunamgombea.

"Mama, ulishawahi kutiwa hatiani?"

"Mara moja. Nilikubali, nikafagia."

Aliweka kalamu chini. "Nani alikushauri ukubali?"

"Afande. Mume wangu naye. Kila mtu husema hivyo, ukikubali yanaisha."

"Hayaishi, mama. Yanahesabiwa. Zamani hakimu angetazama umefanya nini, una mtoto, una kazi, angeamua mwenyewe. Sheria hii imemfunga mikono. Kosa la pili ni miaka saba. Hakuna faini, hakuna kufagia, hakuna kupunguza hata siku moja. Ukikubali, saba. Ukikataa ukashindwa, saba."

Miaka saba. Binti yangu anatoka darasa la pili, anaota matiti, anaanza kuficha mambo, na anayemfundisha hayo yote ni wifi yangu. Nililia pale pale, na sioni haya kusema.

Wakili aliningoja. Kisha akauliza kwa nini niliamini chumba ni cha wifi, nikamweleza swali la baba na jibu nililopewa.

"Na ulivyokuta ndani vilikuwa hivyo hivyo?"

"Kabati, waya, pazia. Hivyo hivyo."

"Basi aliyekujibu aliwahi kuingia mle. Hili ndilo litakalokuokoa." Akanishika mkono. "Lakini sikiliza. Liseme mahakamani, mbele ya hakimu. Polisi usimwambie hata nusu. Akiliandika yeye, linakuwa mali yake."

"Nimekuelewa."

Nilikuwa nimemwelewa kweli. Shida yangu haijawahi kuwa akili. Shida yangu ni hasira.

*

Kesho yake Afande alipita mlangoni pa mahabusu, anakunywa chai.

"Wifi yako anakusalimu. Anasema mtoto amezoea. Jana alimwita mama."

Najua sasa kwamba alikusudia. Samaki hunaswa kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi wangu niliufungua wote. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimeshika nondo: simu, spika, mume wangu na chakula chake, swali la baba, kabati, waya, pazia la bluu. Nilimwambia wifi yangu anakijua chumba kile kama kiganja chake, na nitalisema hilo mbele ya hakimu ataumbuka yeye na ukoo wake.

Afande akaweka kikombe chini. "Ngoja nikuandikie, mama. Haki yako hiyo."

Aliandika vizuri. Hakuongeza neno, hakupunguza. Alinisomea taratibu, nikatia sahihi nikidhani nimemkomesha.

*

Siku ya kesi niliingia mahakamani kwa kupita uwanja niliokuwa nikiufagia. Majani yalikuwa yamejaa. Wifi yangu alikaa benchi la pili, amevaa vizuri kama mtu aliyealikwa. Mume wangu alikaa karibu naye.

Hakimu alikuwa mwanamke mzima, sauti ya chini, asiyependa kurudia. Alinisomea shtaka, akauliza nasema nini.

Nilimsikia Afande akikohoa nyuma yangu. Nilijua kikohozi hicho kinasema nini.

"Si kweli, Mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka, kijana aliyechomekea shati mpaka kifuani, akasimama. Mlalamikaji amesafiri, akasema, na sheria mpya inaruhusu maelezo yake yasomwe bila yeye kuwepo na bila jina lake kutajwa, kwa usalama wake. Akasoma mistari mitatu: nimepanga chumba, sikumruhusu mtu kuingia, naomba sheria ichukue mkondo wake.

Nikaomba kumuuliza maswali mlalamikaji.

"Utamuuliza nani, mama? Karatasi?" Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, lakini hakunisaidia.

Afande akatoa ushahidi wake akitabasamu. Raia mwema alimdokeza, akanifuata, akanikuta nimefungua, zana ziko mkononi. Vikulabu vya baba vikainuliwa juu watu wavione. Kisha maelezo niliyotia sahihi yakasomwa yote, hadi pazia la bluu. Nilijikaza. Nilisema moyoni, vizuri, sasa kila mtu amesikia, atakayeitwa kuulizwa ni wifi.

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka akasema, "shahidi wetu wa mwisho."

Aliyesimama ni mume wangu.

Nilidhani amekosea. Nilidhani anataka kwenda nje. Akapita mbele yangu na kucha zake za bluu, akapanda penye kiapo.

Hakimu akavua miwani. "Wewe ni mume wa mshtakiwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hulazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mke wako. Sheria mpya imebadilisha mengi, hilo imeliacha. Unajua?"

"Najua. Nimekuja kwa hiari yangu."

Nilishika ukingo wa kizimba. Wifi yangu alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha mkononi, mara kwa mara, hatazami mtu.

"Siku hiyo ulikuwa kibandani kwa mkeo?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Nilikuwepo. Nilikuwa nakula."

"Simu ilipigwa?"

"Ilipigwa. Aliiweka spika."

Nilipumua. Nikajiambia, dada ni damu yake, lakini moyo wake uko kwangu, ameona aibu, amekuja kusema kweli mbele ya watu.

"Ulisikia mazungumzo?"

"Yote. Alimuuliza yule mtu ndani kuna nini, akaambiwa kabati, akaambiwa waya, akaambiwa pazia. Mimi chumba chenyewe sikijui."

"Yule mtu ni dada yako?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ilikuwa sauti ya mwanamume."

Benchi la nyuma likaguna. Mtu akasema "lo" kwa sauti ya chini.

Mwendesha mashtaka hakungoja. Alikuwa na ukurasa tayari. Mshtakiwa mwenyewe, akasema, ameandika kwamba alielezwa vilivyomo ndani kabla ya kwenda. Mumewe amethibitisha. Kilichobaki ni kujua alielezwa na nani, na sasa tumejua kuna mwanamume. Watu wawili wakipanga kuvunja, sheria mpya haiwaiti wezi, inawaita genge. Anaomba kubadilisha shtaka. Adhabu ya genge ni miaka kumi na mitano.

Swali la baba lilikuwa limegeuzwa kisu, na mpini nilimpa mimi. Mke wa mtu, genge na mwanamume. Kwa maneno machache mume wangu alikuwa amenifunga na kuniacha kwa pamoja, na hakuna aliyemlazimisha.

"Mshtakiwa," hakimu akasema. "Una haki ya kumuuliza shahidi. Una swali?"

Nilikuwa nayo mia. Nilitaka kumuuliza mtoto atamwambia nini. Nilitaka kumuuliza ni lini nilimnyima kitu. Nilitaka kumtukana, na matusi nilikuwa nayo, ya kutosha mahakama mbili.

Lakini nilimtazama alivyosimama pale, kidevu juu, anajua kila kitakachotoka kinywani mwake. Huwa nawaona watu wa namna hiyo mlangoni pa nyumba za wengine. Baba alinifundisha jinsi ya kusema nao.

"Ninalo moja, Mheshimiwa."

"Uliza."

"Mume wangu," nikasema, kwa sauti ile ile ninayotumia kibandani, bila hasira. "Chumba kile. Ukifungua mlango ukaingia, kitu cha kwanza utakachokiona ni nini?"

Alikaribia kutabasamu. Amelisikia swali hilo miaka kumi, na jibu limesomwa muda huo huo mbele yake. Alitaka kuonyesha jinsi alivyosikia simu vizuri.

"Si ni kabati la vyombo," akasema. "Lile la mlango uliofungwa waya. Na kile kioo kilichopasuka pembe. Na pazia la bluu."

Nilimgeukia hakimu.

Hakimu alikuwa ameshavuta maelezo yangu karibu. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Alipofika mwisho akarudi juu tena. Wifi hakutaja kioo kwenye simu. Mimi sikukitaja kwa Afande, wala kwa wakili, wala kwa mume wangu. Mlalamikaji wa karatasi naye hakukitaja.

"Mwendesha mashtaka," hakimu akauliza, "kioo kimeandikwa wapi?"

Kijana akafungua jalada lake, akafungua na lile la chini yake.

"Shahidi. Umeapa kwamba chumba hicho hukijui, ulisikia tu simu. Kioo umekionea wapi?"

Wifi yangu aliacha kukunja kitambaa. Alinyanyuka nusu, akavuta pochi yake, akaanza kutoka kwenye benchi akiomba njia kwa watu.

"Karani," hakimu akasema, bila kupandisha sauti, "funga mlango. Asitoke mtu."

Nilisikia komeo likiingia nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ile ipite, mlango ulikuwa umefungwa na si mimi peke yangu niliyefungiwa.

"Shahidi, nakungoja."

Mume wangu hakumtazama hakimu. Mimi hakunitazama. Alimtazama Afande Tabasamu, kama mtu anayemuuliza mwenzake sasa tunasemaje, na Afande, ambaye sijawahi kumwona bila meno nje, alikuwa amefunga mdomo.